Benedikto Mwafrika: Mpishi wa Palermo Aliyewaongoza Wasomi



Anayetembelea Palermo, mji wa bandari ulio kaskazini mwa kisiwa cha Sicilia, huko Italia, hakosi cha kutazama. Mji huo ulianzishwa na Wafoinike, na Wagiriki wakauita kwa jina lenye maana ya bandari kila upande. Waarabu waliutwaa mwaka 831, Wanormani wakauchukua mwaka 1072, na baada yao wakaja watawala wengine mpaka wafalme wa Hispania. Kila aliyetawala aliacha jengo. Kanisa kuu, lililoanza kujengwa mwaka 1185, limesimama mahali palipokuwa na msikiti. Ndani ya ikulu ya wafalme Wanormani mna kikanisa ambacho kuta zake zimefunikwa picha za vijiwe vya dhahabu, na dari yake ya mbao ilichongwa kwa mtindo wa mafundi wa Kiislamu. Mwaka 2015 UNESCO iliyaingiza majengo hayo ya Kiarabu na Kinormani katika orodha ya urithi wa dunia.

Lakini wapo mahujaji ambao, baada ya kuyaona hayo, huuacha mji na bahari nyuma yao na kuelekea upande wa kusini, chini ya mlima Grifone. Hapo pana konventi ya Ndugu Wadogo wa Mtakatifu Fransisko iitwayo Santa Maria di Gesù, iliyoanzishwa katika karne ya 15. Hawaendi kutafuta dhahabu. Wanaenda mahali alipoishi na kufa mpishi mweusi, mtoto wa watumwa, asiyejua kusoma wala kuandika, ambaye leo Kanisa linamwita Mtakatifu Benedikto Mwafrika. Tusimchanganye na Benedikto wa Nursia, baba wa wamonaki, aliyemtangulia kwa miaka elfu moja.

Katika makala hii nitasimulia maisha yake, kisha niguse swali ambalo maisha hayo yanatuachia: je, kuna tofauti gani kati ya mtu aliyeshushwa na wenzake na mtu aliyejishusha mwenyewe?

Mtoto aliyezaliwa huru

Benedikto alizaliwa karibu na mwaka 1525 katika mji mdogo wa milimani uitwao leo San Fratello, upande wa Messina. Wazazi wake, Cristoforo na Diana, walikuwa watumwa wenye asili ya Afrika. Waandishi wa kale walisema asili yao ni Ethiopia, lakini enzi zile neno hilo lilitumika kwa nchi yoyote ya watu weusi, kwa hiyo halituelezi kijiji wala kabila. Wakati huo Sicilia ilikuwa na watumwa wengi Waafrika. Baadhi yao walivushwa jangwa la Sahara kwa misafara mpaka bandari za Afrika Kaskazini, kisha wakapakiwa merikebuni. Kadiri ya desturi, Cristoforo na Diana walipewa jina la ukoo wa mtu aliyewamiliki, Manasseri. Walibatizwa, na walishika imani kwa moyo.

Inasimuliwa kwamba wazazi hao hawakutaka kuzaa. Waliona uchungu kumleta duniani mtoto ambaye tangu siku ya kwanza angehesabiwa pamoja na ng'ombe na majembe ya bwana wao. Bwana huyo, aliyemtegemea Cristoforo kuwasimamia wafanyakazi wengine, alipojua sababu ya huzuni yao aliwaahidi kwamba mtoto wao wa kwanza atakuwa huru. Ndivyo Benedikto alivyozaliwa huru katika nyumba ya wazazi wasio huru. Tuliweke jambo hili moyoni, kwa sababu bila hilo tunaweza kuyasoma vibaya maisha yake yote.

Hakupelekwa shule. Utotoni alichunga kondoo, na kundini alipata nafasi ya kusali peke yake. Alipokua akafanya kazi za shamba kwa ujira, akadunduliza mpaka akanunua jozi ya maksai wa kulimia. Kidogo alichobakiza aligawana na maskini. Watu wa mji wake walianza mapema kumwita Mmori mtakatifu, Mmori likiwa jina lililotumika Ulaya kwa watu wa Afrika. Wengine walilitamka kwa heshima, wengine kwa kejeli.

Alipofikisha umri wa miaka kama 21, siku moja shambani wenzake walimcheka kwa sababu ya rangi yake na utumwa wa wazazi wake. Benedikto alinyamaza. Wakati huo alipita Girolamo Lanza, mtu wa ukoo wa kikabaila aliyeacha mali yake na kuishi kama mkaapweke pamoja na wenzake wachache. Lanza aliwakemea wale vijana, akawaambia kwamba watakuja kusikia habari za huyo wanayemcheka. Baada ya muda si mrefu alimwita Benedikto amfuate. Benedikto akawauza maksai wake, akawapa maskini fedha, akaenda.

Hatujui alijisikiaje alipowakabidhi wanyama hao kwa mnunuzi. Tunachojua ni kwamba maksai walikuwa ndio utajiri wake wote. Kwa mtoto wa watumwa, walikuwa uthibitisho kwamba yeye ni mtu anayeweza kumiliki badala ya kumilikiwa. Aliacha kitu ambacho baba yake hakuwahi kuruhusiwa kuwa nacho.

Mlimani juu ya bahari

Wakaapweke wa Lanza waliishi maisha magumu. Walikula mara moja kwa siku, walifunga kana kwamba mwaka mzima ni Kwaresima, walilala kidogo na kusali sana. Shida yao ilikuwa watu. Kila walipokaa, wagonjwa na wenye dhiki waliwafuata kwa wingi mpaka upweke ukaisha, nao wakalazimika kuhama. Walihama mara kadhaa namna hiyo, mpaka wakafika Monte Pellegrino, mlima wa mawe unaosimama kando ya bahari na kuitazama Palermo kutoka juu. Ni mlima uleule ambao mwaka 1624, wakati wa tauni, mifupa ya Mtakatifu Rosalia ilipatikana. Tangu hapo watu wa Palermo huupanda kwa hija.

Huko juu Lanza alifariki dunia. Wakaapweke walipaswa kumchagua wa kushika nafasi yake. Kati yao walikuwepo watu wa koo zenye jina, lakini walimchagua Benedikto. Alikataa mpaka walipomsihi sana.

Mwanzoni mwa miaka ya 1560, Papa Pius IV aliamua kwamba vikundi vya namna hiyo vivunjwe na wakaapweke wajiunge na mashirika yaliyokwisha kupata kibali cha Kanisa. Ulikuwa wakati wa Mtaguso wa Trento, na Kanisa lilikuwa likipanga upya nyumba yake. Kwa Benedikto hiyo ilimaanisha kwamba miaka kama 15 ya maisha aliyoyazoea imefutwa kwa amri moja. Wapo wanaovunjika moyo kwa jambo dogo kuliko hilo. Yeye alishuka mlimani. Inasimuliwa kwamba aliingia kanisa kuu la Palermo, akasali mbele ya Mama Bikira Maria aonyeshwe pa kwenda, kisha akabisha hodi kwa Wafransisko wa Santa Maria di Gesù. Walimpokea kama bradha. Wakamtuma kwanza konventi ya Giuliana, bara, alikokaa miaka kama mitatu. Baadaye akarudi Palermo, asiondoke tena mpaka kufa.

Jikoni

Kazi aliyopewa ni upishi. Tusifikirie jiko la leo lenye gesi na bomba la maji. Ni moshi, kuni, maji ya kubeba, masufuria ya kusugua kwa jivu, na ndugu wengi wanaosubiri chakula kwa saa ileile kila siku. Chakula chenyewe kilitegemea sadaka walizoomba ndugu mjini. Siku ambayo watu hawakutoa, mpishi alikuwa wa kwanza kujua.

Masimulizi mengi juu ya Benedikto yanatoka jikoni humo. Mojawapo husema kwamba majira ya baridi theluji ilizuia ndugu wasiweze kwenda kuomba chakula. Benedikto akajaza maji vyombo vikubwa jioni, akasali usiku kucha, na asubuhi vyombo vikakutwa na samaki hai wa kuwatosha wote. Lingine husema kwamba aliwakuta wanovisi wanaosha vyombo huku wakitupa mabaki ya chakula bila kujali. Akakichukua kitambaa walichooshea, akakikamua, kikatoka damu. Akawaeleza kuwa hiyo ni damu ya maskini waliojinyima ili ndugu wale.

Anayesoma masimulizi haya anaweza kuuliza ni lipi lilitokea kama lilivyoandikwa. Mimi nasomea falsafa, na swali hilo ni halali. Lakini hata kabla ya kulijibu tunaweza kuona watu waliomfahamu walimkumbuka kwa nini. Walimkumbuka kama mtu ambaye kwake chakula kilikuwa jambo takatifu, kwa kuwa kila kipande cha mkate kilikuwa na jasho la mtu nyuma yake. Mtoto wa watumwa alijua jasho hilo lilivyo.

Habari zake zilienea mjini. Watu walitoka bandarini na mitaani, wakatembea mpaka chini ya mlima Grifone, wakabisha hodi na kuuliza kama mpishi yupo. Walikuja vipofu na wagonjwa, akina mama waliobeba watoto, maskini waliotaka mkate, na hata wakuu wa serikali ya Hispania iliyotawala kisiwa. Wahenga wetu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Jikoni kwa Benedikto ilikuwa kinyume: mwenyeji alichoka, na mgeni ndiye aliyepona.

Gwardiani asiyejua kusoma

Mwaka 1578 konventi ilikuwa ikipokea matengenezo ya kuishi kanuni ya Mtakatifu Fransisko kwa ukali zaidi. Ilihitaji gwardiani, yaani mkuu wa jumuiya, wa kuongoza mabadiliko hayo. Wakubwa wa shirika walimteua Benedikto.

Uteuzi huo ulikuwa wa ajabu kwa namna tatu. Hakuwa padre, naye angewaongoza mapadre. Hakujua kusoma, naye angewaongoza watu waliosoma teolojia. Alikuwa mweusi na mtoto wa watumwa, katika mji ambao weusi wenzake walikuwa bado wakinunuliwa na kuuzwa. Aliomba aachwe jikoni, lakini aliamriwa kwa utii, akakubali.

Aliongoza vizuri. Alikuwa mkali kwake mwenyewe na mpole kwa wadhaifu. Aliagiza mlangoni kwamba maskini asifukuzwe mikono mitupu. Alipokwenda Agrigento kwenye mkutano wa kanda ya shirika, watu walitoka njiani kumpokea, mapadre na walei, wakitaka kugusa nguo yake. Yeye alijifunika uso kwa kofia ya kanzu, na inasemekana alipendelea kutembea usiku ili asionekane.

Muda wake ulipokwisha alifanywa makamu, akapewa pia malezi ya wanovisi. Hapo ndipo wasomi walipoanza kumfuata. Aliwaeleza wanovisi masomo ya Maandiko Matakatifu kwa namna iliyowashangaza wanateolojia, nao walimletea maswali waliyoshindwa kukubaliana wenyewe kwa wenyewe.

Je, inawezekanaje? Mtakatifu Thoma wa Akwino, tunayemsoma sana katika miaka hii ya falsafa, anatusaidia kuelewa. Anafundisha kwamba mtu anaweza kuamua sawasawa juu ya jambo kwa njia mbili. Ya kwanza ni kutumia akili iliyofunzwa: aliyesoma maadili anaweza kueleza usafi wa moyo ni nini hata kama yeye mwenyewe hauishi. Ya pili ni undugu na jambo lenyewe: mwenye moyo safi anautambua usafi kwa sababu unakaa ndani yake, kama mtu anavyoutambua mwendo wa ndugu yake gizani. Hekima ambayo ni paji la Roho Mtakatifu ni ya namna hii ya pili. Thoma hakudharau vitabu, maana aliandika vingi. Lakini alijua kwamba mwenye vitabu na mwenye hekima wanaweza kuwa watu wawili tofauti. Kwa Benedikto wasomi wa Palermo walilikuta fundisho hilo limevaa aproni.

Baada ya vyeo vyote hivyo aliomba kurudi jikoni, akarudishwa. Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya masufuria, kuni na wageni mlangoni. Mwaka 1589 aliugua sana, akapokea sakramenti, akafariki tarehe 4 Aprili. Umri wake ulikuwa miaka 60 na kitu.

Baada ya kifo

Miaka michache tu baadaye Kanisa lilianza kukusanya ushuhuda wa waliomfahamu. Palermo ikamweka kati ya watakatifu wasimamizi wake. Lakini waliomkumbatia kwa nguvu zaidi walikuwa watu wa ng'ambo ya bahari. Waafrika waliopelekwa utumwani, na watoto wao, waliunda vyama vya kidini vyenye jina lake huko Ureno, Brazil na penginepo katika Amerika. Kupitia vyama hivyo walizikana kwa heshima, waliwasaidia wagonjwa, na mahali pengine walichanga fedha za kuwakomboa wenzao. Mpaka leo São Benedito huadhimishwa Brazil kwa ngoma na maandamano, na mara nyingi yeye ni msimamizi wa wapishi.

Papa Benedikto XIV alimtangaza mwenyeheri mwaka 1743. Papa Pius VII alimtangaza mtakatifu tarehe 24 Mei 1807. Miezi miwili kabla ya hapo, Bunge la Uingereza lilikuwa limepitisha sheria ya kukomesha biashara ya watumwa katika milki yake. Utumwa wenyewe uliendelea kwa miaka mingi bado, Brazil mpaka mwaka 1888.

Kushushwa na kujishusha

Hapa ndipo lilipo swali nililoahidi. Wapo mabwana Wakristo waliopenda kuwahubiria watumwa wao juu ya watakatifu wanyenyekevu. Walitaka watumwa wamwangalie Benedikto, waone kwamba mweusi mzuri ni yule anayekaa jikoni na kunyamaza. Kama huo ndio ujumbe wa maisha yake, basi mtu mweusi ana haki ya kumkataa.

Lakini maisha yenyewe yanakataa usomaji huo. Cristoforo na Diana walishushwa. Walishushwa na sheria, na soko, na bwana ambaye hata jina la ukoo lilikuwa lake. Hakuna utakatifu katika minyororo yao, na wao wenyewe hawakutaka mtoto wao aivae. Benedikto alizaliwa huru. Alikuwa na maksai, akawauza kwa hiari. Alikuwa na uongozi mlimani na konventini, akauachia. Mtu asiye na kitu hawezi kukitoa, na mtu aliyefungwa chini hawezi kusemwa kwamba ameshuka. Unyenyekevu wake ulikuwa tendo la mtu huru, na kwa sababu hiyo haumpi yeyote ruhusa ya kumweka mwenzake chini kisha akamsifu kwa unyenyekevu.

Hili linatuhusu. Katika parokia zetu wapo akina mama wanaopika kila sikukuu na hawajawahi kuulizwa maoni yao katika halmashauri. Tunawasifu kwa moyo wa kujitoa. Je, walichagua kukaa pale, au tumewaweka? Nyumbani kwetu wapo wasichana wa kazi wanaolala wa mwisho na kuamka wa kwanza. Kumwita mmoja wao mvumilivu ni rahisi kuliko kumlipa vizuri na kumpa siku ya kupumzika.

Nasi waseminari tuna la kwetu. Tunazungumza juu ya safari yetu kama ngazi: falsafa, teolojia, ushemasi, upadre, na wengine wanaona mbali zaidi. Zamu ya kuosha masufuria tunaihesabu kama ushuru wa kulipa kabla ya kufika juu. Benedikto alifika juu kadiri alivyoweza kufika bradha asiyesoma, kisha akaomba kurudi kwenye masufuria, kwa sababu kwake hapo hapakuwa chini. Anayetamani upadre na hawezi kuvumilia jiko anapaswa kujiuliza ni kitu gani hasa anakitamani.

Julai 2023 moto mkubwa uliozuka wakati wa joto kali ulishuka mlimani, ukaliteketeza kanisa la Santa Maria di Gesù. Mwili wa mtakatifu, uliokuwa umehifadhiwa humo kwa karne nyingi, uliungua karibu wote, yakabaki mabaki machache. Watu wa Palermo walilia, na ni haki yao. Hata hivyo mahujaji wanaomtafuta Benedikto hawajapoteza anwani yake. Kila jumuiya yenye jiko na mlango wa maskini ni mahali pa kumtembelea, na sikukuu yake ni tarehe 4 Aprili.

Mtakatifu Benedikto Mwafrika, utuombee.